Jua la Bi Mize

Nilipokuwa na miaka minane, vuli ilikosa kuja kijijini kwetu Wingwi, na jirani yetu akafukuzwa kwake bila mtu yeyote kumwambia aondoke.

Alikuwa Bi Mize, mjane asiye na mtoto. Alilima mwani pwani na kuuanika kwenye chanja mbele ya nyumba yake. Nikirudi na njaa kutoka chuoni, kusoma Kurani, aliniita akanikatia muhogo kabla ya kula yeye. Mwaka ule mwani wake ulisitawi kuliko miaka yote. Jioni alikaa kwetu akisugua miguu.

"Maji baridi mwaka huu, shoga," alimwambia mama. "Yaumiza mifupa. Lakini mwani wayapenda."

Shambani kunde zilikauka zikiwa na majani mawili. Wazee walisoma dua. Ng'ombe akazungushwa mji mzima, sisi watoto tukiitikia nyuma yake mpaka sauti zikatukauka, kisha akachinjwa. Mawingu yalikuja, yakapita. Ndipo watu walipoanza kuulizana ni nani analitaka jua. Kwetu iliaminika kwamba mwenye kitu cha kuanika anaweza kuifunga mvua: hukifudikiza chungu uwanjani, mdomo chini, akasoma ayajuayo, na mvua haianguki mpaka chungu kiinuliwe.

Kisimani wanawake walikuwa hawataji jina.

"Mwenzetu ana jua lake peke yake."

"Sie twaomba mvua, yeye aomba chanja ikauke!"

Wakacheka, lakini si kwa furaha. Nami nilitaka wanisikilize, kama mtoto yeyote. Nikasema, "Mie nimekiona chungu kwa Bi Mize. Kimefudikizwa."

Kicheko kikakatika. Mama alinifinya bega, lakini nilikuwa nimeshasema. Chungu nilikiona kweli. Alikuwa amekiosha tu akakiacha kikauke, kama afanyavyo mama kila siku.

Hakuna aliyempiga. Waliacha kuitikia salamu yake. Akija kuomba kaa la moto, jiko lilikuwa limezimika kila nyumba. Asubuhi moja tuliikuta chanja imevunjwa na mwani umetupwa mchangani. Aliuokota konzi kwa konzi, peke yake, akipuliza mchanga. Nilitaka kwenda kumsaidia. Mama akanishika mkono.

"Usende," alisema, huku machozi yanamtoka.

Wiki ile Bi Mize alihamia kwa kaka yake, kijiji cha Chokocho. Alipopita mlangoni kwetu aliweka mihogo miwili kizingitini, hakubisha hodi. Tuliila, kwa sababu tulikuwa na njaa.

Mvua haikuja hata baada ya yeye kuondoka. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Sasa nina mtoto wangu, nami nalima mwani. Mwaka jana nilimsikia redioni mtu wa hali ya hewa akieleza kwamba bahari ya upande wetu ikipoa, na ile ya mbali, upande wa Indonesia, ikapata joto, mawingu ya mvua hukusanyika kule, na vuli yetu huwa kavu. Upande wetu ukipata joto kupita kiasi, vuli hutugharikisha. Hiyo ya pili naijua kwa mikono yangu, kwani maji yakiwa moto mwani hugeuka mweupe na kukatika. Nilizima redio. Basi ubaridi ule ule uliounawirisha mwani wake ndio uliotunyima mvua. Alikuwa ametuambia mwenyewe, akisugua miguu yake, nasi tukamwona anafaidi kwa njaa yetu.

Nikambeba mwanangu nikaenda Chokocho. Nilimkuta Bi Mize anasuka ukili wa mkeka, amekonda sana. Nilimweleza habari za bahari, akasikiliza kwa adabu. Kisha nikamwambia kwamba ni mimi niliyekisema kile chungu.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ulisema ulichokiona, mwanangu. Mama yako hajambo?"

Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa. Alimchukua mtoto, akampakata, akamsifu macho. Halafu akaniuliza, bila kuniangalia, nyumba yake imebaki vipi.

Ilianguka zamani. Watu walichukua miti yake kwa kuni.

"Ipo, Bi," nilimwambia. "Ipo vile vile."

Akatabasamu, akaendelea kumbembeleza mtoto. Sijui bado kama nilimhurumia yeye, au nilijihurumia mwenyewe.