Siku Niliyomnyamazisha Nduku

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku nyingi za ujana wangu, mwanangu, na si siku ya harusi yangu wala ya kujifungua mtoto wa kwanza. Ilikuwa Jumatano mchana, mtaani Shauri Moyo, katika chumba cha shangazi yangu. Nilikuwa nimefunga kitambaa cheupe kichwani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa maombi ya akina mama. Mwenyekiti mwenyewe nilikuwa bado sijaolewa. Lakini nilijua kusoma bila kukwama, sauti yangu ilisikika hadi uani, basi wakanichagua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona mtakatifu kidogo. Nacheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nakusimulia haya kwa sababu mjukuu wangu Mwende alinijia hapa mtaani Umoja wiki iliyopita. Aliketi jikoni akinisaidia kuchambua maharagwe, kisha akasema bila kuniangalia, "Shosho, mi nikiomba siskii kitu. Ni kama naongelesha ukuta." Akangoja nimgombeze. Sikumgombeza. Nilimpa habari za Nduku, na kwa kuwa najua Mwende hayuko peke yake katika jambo hilo, nakupa na wewe.

Maombi yetu yalikuwa yakizunguka nyumba hadi nyumba. Wengi wetu tulikuwa wachuuzi wa soko la Gikomba, na Jumatano saa tisa tuliwaachia wenzetu meza zetu kwa muda. Mwenye zamu alipika chai. Tuliketi kitandani, kwenye viti vya kuazima kwa majirani, na waliochelewa walikaa mkekani. Wimbo, Neno, maombi, chai, kila mtu arudi kazini. Utaratibu huo niliupenda mno, na aliyeuvuruga nilimtupia jicho.

Nduku ndiye aliyeuvuruga. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kibarua katika kiwanda kimoja cha nyuzi, na aliishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Akitoka zamu ya asubuhi alikuja moja kwa moja kwa miguu, nywele zikiwa bado na vumbi la pamba. Aliimba kila mara ingawa hakuwa na sauti ya kuimba, nisikudanganye. Lakini tukianza kuomba, yeye alifumba macho, akachanganya Kikamba na Kiswahili, akalia, na machozi kabla hayajakauka akaanza kucheka. Sisi wengine tulimwomba Mungu afya, kazi, karo ya watoto. Nduku hakuomba kitu. Alisema tu, "Yesu, nakutaka. Nimekutaka tangu asubuhi." Aliyasema maneno hayo jinsi mtu anavyomwambia mume aliyerudi kutoka safari ndefu.

Masikio yangu yalikuwa yakiwaka moto kila akisema hivyo.

Basi Jumatano hiyo tulikuwa na mgeni, mke wa mchungaji, mama mpole aliyevaa viatu vizuri. Nilitaka aone kwamba tuna adabu. Tukainamisha vichwa, na Nduku akaanza. Nikafungua jicho moja, nikaona mgeni amegeuka anamtazama. Nikavuka miguu ya watu, nikamshika Nduku bega.

"Dada," nikamwambia, "tuombe kwa heshima. Mungu si kiziwi."

Akanyamaza hapo hapo. Ningeachia hapo pengine ningesameheka mapema, lakini sikuachia. Wakati wa chai nikasema, mbele ya wote, kwamba yako maneno ya chumbani na yako maneno ya mbele za Mungu, na kwamba mtu mzima anajua kuyatofautisha. Mama mmoja akacheka kwa pua. Nduku akasema, "Pole, mwenyekiti." Akamaliza chai yake, akaosha kikombe, akaenda.

Jumatano iliyofuata alikuja, akaketi karibu na mlango na midomo yake imefungwa. Baada ya hapo hakuja tena. Maombi yakaenda vizuri sana. Tulimaliza kwa wakati.

Mwenye meza jirani yangu sokoni alikuwa mama mtu mzima aitwaye Mama Kalunde, naye pia alikuwa wa maombi yetu. Ndiye aliyenifundisha biashara. Mimi niliuza sweta za watoto, na kama hujawahi kuwa Gikomba siku ya kufungua robota la nguo za mitumba, acha nikuambie. Watu hulizunguka kabla hata kamba haijakatwa. Zile nguo nzuri kabisa, tunazoziita kamera, ni za atakayezifikia kwanza, kwa hiyo hakuna anayeketi. Asubuhi moja robota lilipopasuliwa niliruka ndani kama kawaida yangu, viwiko vikifanya kazi, nikicheka, nikipiga kelele. Nikaibuka na sweta nyekundu ya mtoto mchanga, haijavaliwa hata mara moja, ina vifungo vya mbao. Nikaikumbatia.

"Mutheu, kuja hapa," Mama Kalunde akaniita.

Nikaenda nikimwonyesha sweta.

"Vile umeshika hiyo sweta," akasema, "umeshawahi kumshika Mungu hivyo?"

Nikacheka nikidhani ni utani wake wa siku zote. Yeye hakucheka.

"Mimi nakuona kila siku," akaendelea. "Wewe unajua kutaka kitu. Ukitaka unakimbia, unasukuma watu, unafurahi mpaka meno yote yanaonekana. Lakini Jumatano ukifika mbele ya Mungu unakaa kama mtu anangoja kuitwa na daktari. Sasa yule mmoja alikuwa anamtaka, ukamfunga mdomo. Nakuuliza tu, mama. Ulikuwa unamwonea haya, ama ulikuwa unamwonea wivu?"

Nilikasirika. Nikamwambia habari za utaratibu, na mgeni, na heshima. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Utaratibu ni mzuri," akasema. "Hata mimi napenda tumalize mapema, magoti yananiuma. Lakini hujanijibu."

Nikageukia meza yangu. Nilipanga sweta zangu siku nzima nikizipangua tena, na kila mteja aliyeniuliza bei nilimjibu vibaya. Kwa sababu nilijua jibu, mwanangu, na nilikuwa nimelijua tangu zamani. Kile ambacho Mwende aliniambia jikoni, kwamba hasikii kitu akiomba, kilikuwa changu kabla hajazaliwa mama yake. Nilikuwa nimeokoka kwa midomo na nidhamu, na nilisoma Neno kwa sauti safi, lakini sikuwahi hata siku moja kutamani kuwa na Mungu. Nilitamani kuonekana mtu wa Mungu. Nduku alipofumba macho na kucheka, nilimwona mtu ambaye amepewa kitu nilichokuwa nikijifanya ninacho, na kuketi karibu naye kuliniumiza.

Saa kumi nikafunga meza, nikashika njia ya Mukuru. Sikuijua nyumba yake. Nikauliza mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo kama anamjua Nduku wa kiwanda cha nyuzi, yule wa kuimba.

"Nduku yuko ile mlango ya mwisho," akanijibu. "Lakini kuimba aliacha. Zamani alikuwa anatuamsha asubuhi na nyimbo. Siku hizi amenyamaza tu."

Nilimkuta mlangoni akipepea jiko. Akasimama, akafuta mikono kwenye leso. "Karibu, mwenyekiti," akasema, na cheo hicho, ambacho nilikipenda sana, kilinichoma.

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Akanipa kiti, yeye akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Mimi sikukasirika," akasema taratibu. "Mimi nilifikiri ni Mungu amekutuma. Nikasema, huyu amesoma, anajua Neno. Kama anasema hayo maneno si mazuri, basi miaka hii yote Mungu alikuwa ananisikia na anaona aibu. Nikajaribu kuomba vile nyinyi mnaomba. Nikashindwa. Sasa ni wiki tano, sijaomba. Naogopa hata kumwita."

Mwanangu, nimezika mume tangu siku hiyo, na nimeugua hadi watu wakaitwa kuniaga. Lakini sijui neno lililoniingia kama lile. Mtu alikuwa na furaha ya Mungu, isiyo na deni kwa yeyote, na mimi nilikuwa nimeizima kwa kutumia jina la Mungu huyo huyo. Nililia mbele yake bila kujali majirani.

Nikamwambia kweli yote. "Nduku, mimi ndiye sijawahi kumtaka. Naomba kwa sababu ni Jumatano. Nilikunyamazisha kwa sababu una kitu ambacho mimi sina."

Akanikazia macho. "Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Hivyo tu umeniambia. Mwambie humtaki." Akaona nimeogopa. "Unafikiri hajui?"

Nikapiga magoti kwenye sakafu yake ya simenti, moshi wa jiko ukinipata machoni. Sala niliyoomba ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, na ndiyo ya kwanza. Nilisema, "Bwana, sikutaki. Lakini natamani kukutaka." Nduku alikuwa amepiga magoti kando yangu, kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu, na niliogopa kwamba nimemharibu kabisa. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Yesu. Ni mimi, Nduku." Akakwama. Akapumua. "Nilifikiri umenichoka," akasema, na hapo akaanza kulia, na nilipomsikia anacheka katikati ya kilio, nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote. Hata leo namshukuru.

Usidhani moto ulishuka. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu yule yule, ila mwepesi. Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama nikaeleza nililofanya, kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu na sikuwa na haki ya kuomba msamaha mafichoni. Nduku alikuwepo, mkekani, na vumbi lake la pamba. Furaha yangu mimi ilichukua miezi. Ilikuja polepole hata sikujua siku yake. Nilijikuta tu nikipanga sweta huku nikimweleza Mungu habari za asubuhi hiyo, na nikagundua kwamba simwombi kitu, nafurahi tu kwamba yupo. Tangu hapo ipo siku imepungua, ipo siku imejaa, lakini haijaniacha. Nduku alitangulia mbele za Bwana miaka mingi iliyopita, na mimi niko hapa na magoti mabovu, na naamka nikiwa na shukrani kiasi kwamba wakati mwingine naketi kitandani nikicheka peke yangu. Waache waseme bibi amezeeka.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiogope kumtaka Mungu kwa moyo wote, wala usidhani kwamba hamu kubwa ni utovu wa adabu. Yeye ndiye aliyeitia ndani yako, na anafurahi ukiileta kwake. Simaanishi kelele. Wapo wanaomtaka kimya kimya, na hao pia uwaache. Ukiwa mkavu, usijipake furaha usoni ili watu wakuone. Nenda umwambie Mungu ukavu wako, kwa maneno uliyo nayo, hata yakiwa mabaya. Na ukimwona mwenzako amefurahi mbele za Mungu kuliko wewe, kabla hujafungua mdomo kumrekebisha, jiulize lile swali la Mama Kalunde, na ulijibu kweli. Maana furaha yangu ilikuja, na ya Nduku ilirudi, lakini zote mbili kwa rehema tu. Wapo walionyamazishwa na watu kama mimi, na hakuna aliyekwenda kuwatafuta.

Mungu akupe njaa yake, mwanangu, na akushibishe, na akupe njaa tena. Akulinde usiwe mtu wa kuzima wenzako. Na kama yupo uliyemzima, akupe miguu ya kwenda kwake leo, kabla hajazoea kunyamaza.