Betri Mpya, Mlio Uleule

Mwenzenu juzi nimeaibika msikitini. Mimi ni fundi wa kengele za moto. Nilikuwa kwenye ofisi moja Raskazone, nafunga betri mpya za akiba, zile zinazobeba kengele umeme ukikatika. Nikamaliza, taa ya kijani ikawaka. Mara: pii! Ndio mlio wa betri mbovu huo. Nikafungua, nikafunga upya. Pii! Nikajua nimeunguza mtambo wa watu, na kazi sina tena. Nikampigia Mzee Salimu aliyeniuzia, hata shikamoo sikumpa: "Umeniuzia betri mbovu!"

"Tutaonana, mwanangu," akasema, akakata simu.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Nikabeba mkoba wangu wa vifaa, nikaenda kuswali. Tumesujudu, kimya kabisa, mkobani: pii!

Hapo ndipo nikakumbuka kile kidude cha kunusa moshi nilichokibandua kwenye nyumba moja mtaa wa Mabawa jana yake, kibetri chake kinakata roho humo ndani. Alhamdulillahi, mtambo wa watu ni mzima! Nikatoa salamu kulia huku natabasamu, nikageukia kushoto. Mzee Salimu.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "na msikiti nao nimeuuzia betri mbovu?"