Usaili wa Chuo cha Uuguzi

Nilikuwa nyumbani Kitale, nimemaliza kidato cha nne, nikimsaidia mama kuuza viazi sokoni, chuo kimoja cha uuguzi Bungoma kiliponiita kwa usaili. Baiolojia nilikuwa nimeipita vizuri. Kemia ndiyo ilinipita mimi.

"Watakuuliza hiyo Kemia," baba alisema tukinywa chai.

"Wacha waulize," mama akajibu kabla sijafungua mdomo. "Si ni wao wamemwita?"

Akanisindikiza mwenyewe hadi Bungoma, akabaki nje ya lango.

Vijana walikuwa wamejaa uwanjani, kila mmoja amekumbatia bahasha ya vyeti. Kwanza walikagua gredi za Kiingereza na Baiolojia, na aliyepungukiwa alirudishwa hapo hapo. Walirudi wengi. Tuliobaki tukafanya mtihani wa kuandika, halafu baada ya chakula tukaanza kuitwa mmoja mmoja mbele ya walimu watatu.

Niliingia, nikawakabidhi bahasha yangu. Mwalimu mkuu, mama wa miwani, alitazama cheti changu. "Kemia iko chini. Ilikuwaje?"

"Mwalimu wetu alihamishwa tukiwa kidato cha tatu, na hakuletwa mwingine. Tulikuwa tunafundishana wenyewe."

Akatikisa kichwa, sikujua kama ni kwa wema. Kisha mwalimu mnene aliyekaa pembeni akainuka, akalikunja koti lake, akalipakata kama mtoto.

"Wewe ni Mkikuyu wa Kitale," alisema. "Hapa kina mama wengi wanatoka vijijini, Kiswahili hawajui. Mimi ni mama, mtoto wangu anaharisha. Nieleze vile nitampa maji ya chumvi na sukari. Kwa Kibukusu!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Majirani zetu walikuwa Wabukusu, na nusu ya utoto wangu niliimalizia jikoni kwao.

"Mulembe, mayi," nikaanza, yaani amani, mama. Niliendelea na Kibukusu changu cha kuokoteza, na maneno yalipokwisha nikatumia mikono: nikachemsha maji hewani, nikapima chumvi kwa vidole.

"Anatapika!" mwalimu akapiga kelele, akitikisa koti.

"Ngoja kidogo, mayi, halafu umpe tena. Pole pole, kwa kijiko."

"Na akikataa?"

"Onja wewe kwanza, akuone."

Wote watatu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu alivua miwani akafuta machozi, akanieleza kwamba nilikuwa nimemwagiza yule mama amchemshe mtoto, si maji. Nami nikacheka. Nilitoka mle ndani nimelowa jasho na ninatamani kurudi, maana sijawahi kufurahia maswali namna ile.

Majuma kadhaa baadaye tulikuwa tunavuna mahindi simu ya baba ilipolia. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu pekee, kwa hivyo alikimbia akapanda. Tukamwona anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema "Ndiyo, madam. Ndiyo, madam." Kisha akainua mkono juu.

"Wamemchukua! Ati anaanza muhula ujao!"

Mama alitupa gunia, akapiga vigelegele vilivyosikika barabarani. Mimi nilikimbia katikati ya mabua bila kujua ninakwenda wapi, hadi nikajikuta upande wa pili wa shamba, peke yangu, napiga kelele. Kesho yake tulienda mjini kununua viatu vyeupe. Nilivivaa kuanzia dukani.