Kitambaa cha Kompyuta

Miaka ile ya tisini, mimi na kaka yangu tulikuwa tukiunda kompyuta yetu wenyewe sebuleni, Likoni, na tulikaribia kushikana mashati kwa sababu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Upuuzi mtupu, nikikumbuka sasa. Mimi nilitaka ile ya kampuni kubwa. Yeye alitaka ya wapinzani wao, iliyokuwa na mbio zaidi lakini ikichemka kama pasi. Muuzaji alituonya kwamba ile haitaki mchezo, feni yake lazima ipate hewa. Kaka ndiye mkubwa, akashinda.

Mama hakuna aliyemwambia habari ya feni. Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi: redio ina kitambaa chake, televisheni chake, makochi vyao. Mama akaifumia kompyuta kitambaa kipana cheupe, chenye maua pembeni. Siku moja tulitoka, kaka akaiacha ikifanya kazi, na mama akaifunika mpaka nyuma kwenye feni.

Tuliporudi tulipokewa na harufu ya kuungua.

"Umeniulia kompyuta!" kaka akafoka.

"Niliistiri na vumbi tu, mwanangu," mama akasema.

Kaka akaendelea kufoka, kwa maneno ambayo mama mzazi haambiwi. Asubuhi nikakuta vitambaa vyote vimeondolewa, sebule imekaa kama ya watu wanaohama.

Kaka alinunua prosesa nyingine, ile niliyoitaka mimi, ikadumu miaka. Mama hakufuma tena. Kompyuta ile hakuigusa hata kuipangusa vumbi, mpaka tukamzika.