Kabla ya Kuwatukana Waliotengeneza Kikosi

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, kuna moja ninayoikumbuka bila kuitafuta. Ilikuwa siku ya mnada hapa Karatu. Rafiki yangu alinisimamisha mbele ya ukuta ulioandikwa kwa mkaa, akaniambia nimsomee, kwa kuwa yeye shule hakwenda. Maneno yale niliyajua neno kwa neno, maana aliyeyaandika ni mimi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ile barua uliyonionyesha juzi kwenye simu. Wewe na wenzako mnacheza Kikosi, ule mchezo wa kupiga risasi ambao kila baada ya muda unatoka mpya, na sasa mnataka waliotengeneza wawarudishie mambo ya zamani mliyoyapenda. Uliniomba nipitie Kiingereza chenu, kwa kuwa kazi yangu ni kuwapeleka watalii Ngorongoro na kutwa nzima nazungumza nao. Nimekipitia. Kiingereza hakina shida. Shida ni matusi, ambayo nilianza kuyahesabu nikachoka nikiwa bado mwanzoni mwa ukurasa wa kwanza.

Usidhani nitakwambia mchezo ni upuuzi. Mimi si mzee wa kushika fimbo, ingawa nimefika umri wa kuamkiwa shikamoo na watu wenye ndevu. Kikosi nilikijua kabla hujazaliwa. Nilikuwa kijana wa Mbulumbulu niliyekimbia jembe la baba nikaja mjini kuosha magari ya watalii, na jioni nilikuwa nakwenda kwenye banda la gemu la Mama Paskalina, nyuma ya stendi.

Mama Paskalina alikuwa mjane kutoka Baray, na banda lile ndilo lililomlelea watoto wake watatu. Lilikuwa na tivii mbili, mashine mbili na mabenchi ya mbao. Yeye mwenyewe hakujua kucheza hata kidogo. Alikaa mlangoni akifuma masweta, maana baridi ya huku unaijua, na mimi ndiye niliyemwandikia kwenye daftari zamu za wachezaji. Alinipenda, nami nilimpenda, sitaki kuficha.

Mwenzangu kwenye mchezo alikuwa Lemburis, morani wa Kimasai kutoka Olbalbal. Kila mnada alipanda huku na ng'ombe wa baba yake kwa miguu, na wakishauzwa alikuja moja kwa moja bandani na shuka lake lina vumbi la safari. Tulicheza Kikosi cha pili. Hicho, mwanangu, skrini ilikatwa katikati, nusu ya juu yangu na ya chini yake Lemburis, tukakaa benchi moja bega kwa bega tukipigana upande mmoja. Kulikuwa na uwanja mmoja wa bonde kavu lenye kisima kimoja tu. Alipouona mara ya kwanza alicheka mpaka akaweka chini padi ya kuchezea, akasema, "Hawa wazungu walifika kwetu lini?" Tangu siku hiyo banda zima likauita uwanja ule Olbalbal.

Lemburis hakupenda sana kufyatua risasi. Alizunguka nyuma ya maadui akawaswaga kama ng'ombe wa baba yake mpaka wakanifikia mimi kisimani. Na kulikuwa na sanduku la dawa ambalo wawili mliojeruhiwa mliweza kugawana. Siku moja nilitumia lote peke yangu. Hakunisemesha mpaka nilipomnunulia chai.

Basi Mama Paskalina akaenda Arusha, akabadilisha ile diski ya zamani kwa muuzaji, akaongezea na fedha yake, akarudi na Kikosi cha tatu. Alituita wote, akatuchezesha bure siku ile. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Picha zilikuwa safi kiasi kwamba uliona jasho usoni mwa askari. Lakini skrini haikukatwa tena. Ukitaka kucheza na mwenzako, sharti yeye awe na mashine yake na mtandao, na mtandao wa wapi katika Karatu ya siku zile? Bonde letu halikuwemo. Sanduku la dawa halikuwepo pia, askari alipona mwenyewe akijificha kidogo.

Lemburis alipokuja alishika padi yake, akakaa akisubiri nusu yake ya skrini. Nikamweleza. Akasema, "Basi cheza wewe, mimi nitaangalia." Aliangalia kidogo, akaenda kukaa kwenye kibanda cha chai. Mnada uliofuata hakutokea kabisa, na mimi nikaumia kuliko nilivyotaka watu wajue.

Hapa ndipo nilipokosea, nisikilize vizuri. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini kijana anadhani methali zilitungwa kwa ajili ya wengine. Badala ya kwenda kwa Mama Paskalina na kumwambia, nilikwenda kwa watu wote isipokuwa yeye. Nikawaambia vijana kwamba ametuuza ili ashibe. Nikawaapisha mtu asikanyage pale mpaka cha pili kirudi. Kisha asubihi moja, kabla stendi haijachangamka, nikaokota mkaa kwa mchoma nyama na kuandika kwenye ukuta wa banda: MAMA PASKALINA MWIZI, AMEUZA RAHA ZETU. Vijana walicheka sana, na mimi nilijiona shujaa. Nakwambia ukweli wangu, nilijiona shujaa.

Haukupita muda mrefu banda likafungwa. Siku moja nikamkuta binti yake mkubwa sokoni anauza maandazi, saa ambazo wenzake wako darasani. Nikapita upande wa pili wa barabara.

Sasa ndiyo tunafika kwenye mnada ule. Lemburis alirudi, safari hii pamoja na baba yake. Nilimwinamishia mzee kichwa kama desturi yao ilivyo, akanigusa utosini, tukaongozana kwenda bandani maana mwanawe alitaka kumwonyesha mahali tulipokuwa tunakaa. Tukakuta kufuli.

"Wameandika nini hapo?" Lemburis akauliza.

Ningeweza kudanganya. Ningesema wameandika kwamba banda limehamia, na pale hakuna ambaye angenibishia. Lakini alikuwa amenitazama kwa namna ya mtu aliyezoea kuniamini, kwa sababu hata maelezo ya Kiingereza kwenye mchezo nilikuwa namsomea mimi, na sikuwahi kumdanganya. Nikasoma. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

"Nani ameandika?"

Nikaitazama ile kufuli. Akanitazama, akamgeukia baba yake wakaongea Kimasai kitambo. Kisha mzee akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyu mama, mlimwambia?"

"Kumwambia nini, baba?"

"Kwamba mnataka ile ya zamani."

"Hapana."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja, baba."

Akatikisa kichwa. Nilisubiri anifokee, na afadhali angenifokea. Alisema, "Kwetu mtu akiwa na jambo la kuomba, anang'oa majani anashika mkononi, ndipo anaongea. Anayeombwa akiona majani, anajua hujaleta vita. Wewe ulitaka kuomba, ukashika mkaa. Huyo mama angejuaje kama unaomba?" Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mtaroni. "Ng'oa."

Kilikuwa kiangazi, majani yenyewe yalikuwa machache na makavu nusu. Nikang'oa mbele za watu wa stendi walionifahamu, mimi Mwiraqw mtoto wa mkulima, wala si Mmasai, nikaambiwa niongoze njia.

Tulimkuta Mama Paskalina nyumbani kwake anafua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akayatazama majani mkononi mwangu. Lemburis ndiye aliyeanza. Akasema, "Mama, kwako tulipapenda. Tulikuwa tunakaa wawili." Basi, hayo tu.

Yule mama akaacha kufua, akafuta mikono yake kwenye kanga. Akaniambia, "Mimi sichezi, Bura. Muuzaji aliniambia hili jipya ndilo vijana wote wanalililia. Nilijua nimewaletea zawadi. Ulikuwa unapita mlangoni kwangu kila jioni, ungenitajia tu." Nikaanza kujitetea kwamba sijui nani aliandika, akanikatiza bila ukali. "Mwandiko wako naujua tangu kwenye daftari. Ukuta ningeusugua mwenyewe, ila binti yangu alikuwa ameshausoma, sikuona tena faida."

Nililia, mwanangu. Nilikuwa mtu mzima wa kuoa na nililia mbele ya morani na baba yake. Nikamuuliza kwa nini hakunishtaki kwa yeyote. Akasema alikuwa ananisubiri nije.

Alitupatia chokaa. Mimi na Lemburis tulisugua na kupaka ukuta ule mchana kutwa, na mzee alikaa kwenye kigoda akitukazia macho, akinionyesha kwa fimbo pale nilipobakiza. Jioni Mama Paskalina akaniletea daftari na kalamu, tukamwandikia muuzaji wa Arusha. Kwanza tulimshukuru kwa kile kipya, na haikuwa hila, maana kilikuwa na uzuri wake. Kisha tukamweleza tulichokipenda kwenye cha zamani, na kwa nini: kwamba hapa kwetu mashine ni chache na marafiki wanatoka mbali, tukipata nafasi tunataka kukaa pamoja. Tukamwambia kama hakipo tutaelewa. Nami nikawazungukia vijana wote niliowaapisha, mmoja mmoja, nikawaambia nilichofanya. Huo ndio mzunguko mrefu kuliko yote niliyowahi kutembea mjini hapa.

Diski ilipatikana. Ilikuwa na mikwaruzo, na tukifika karibu na kisima mchezo uliganda tukasubiri, lakini ilikuwa yetu. Banda lilifunguliwa na tivii moja ya cha pili na moja ya cha tatu, na usishangae nikikwambia wengi walikwenda kwenye kile kipya. Hata mimi nilikicheza mpaka mwisho nikakipenda. Binti yule alirudi shule. Leo ni mwalimu, na tukikutana barabarani yeye ndiye anayeanza kunisalimia, jambo ambalo sijawahi kulizoea.

Nimemshukuru Mungu mara nyingi kwa watu wale. Namshukuru kwa mzee ambaye hakunipiga wala kunifedhehesha zaidi ya nilivyostahili. Namshukuru kwa rafiki aliyeniambia nisome. Na Mama Paskalina, ambaye bado yupo na bado anafuma, alinifundisha kwamba kuna watu wanatukosea huku wanatupenda, na hao wanahitaji kuambiwa tu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kuomba ya zamani yarudi si kosa. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mtu asiye na cha zamani anachokililia huenda hakuwahi kupenda kitu. Ombeni, tena msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi, kwa sababu kosa langu la kwanza halikuwa matusi, lilikuwa ni kunyamaza kwa aliyepaswa kuambiwa na kupiga kelele kwa wengine. Ila usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hao mnaowaita wezi na wapumbavu ndio wanaotengeneza kitakachofuata, na huko waliko yupo mmoja aliyekesha akidhani anakuletea zawadi. Mwambie ulichokipenda kabla hujamwambia kilichokuuma. Mweleze ulikuwa unacheza na nani, na kwa nini mnataka kukaa wawili. Mtengenezaji anajua mengi, lakini hilo hawezi kulijua usipomwambia. Na mwachie nafasi ya kusema hapana, kwa sababu si kila kilichoondoka kitarudi, na wakati mwingine kipya kina jambo lake ukikipa siku mbili tatu.

Barua yenu nimeirudisha kwenye simu yako. Sikufuta neno hata moja, hiyo ni kazi yenu. Nimeongeza mstari mmoja tu juu kabisa, wa kushukuru, na nimeuacha haujaisha ili ninyi wenyewe mjaze mnashukuru nini.

Mungu wa baba zetu akulinde, mwanangu. Akupe mambo mema ya kuyakumbuka na wenzako wa kuyakumbuka nao. Ukipokea, usisahau mkono uliotoa, na ukikosea, umkute mtu anayekusubiri uje. Akujalie ulimi ambao mwenye nyumba akiusikia nje anainuka mwenyewe kukufungulia mlango.