Ubeti Wangu kwenye Albamu Yake

Mimi ndiye niliyemfundisha rafiki yangu kuchana mistari. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wa Tunduma wanamzungumzia kana kwamba alizaliwa anajua. Hakuzaliwa anajua. Alikuja kutoka Itaka na begi moja na Kiswahili cha "balabala" na "habali", nikamkalisha juu ya matairi chakavu nyuma ya gereji, nikamwonyesha jinsi ya kuhesabu mapigo kwa kidole gumba. Kila aliposema "balabala" nilimsimamisha, arudie.

Jukwaa letu lilikuwa foleni ya malori. Madereva waliosubiri kuvuka kwenda Zambia walikaa siku mbili, siku tatu, wamechoka na hawana cha kutazama, nasi tulisimama kati ya lori na lori tukachana. Injini zinanguruma, honi zinalia, wabadilisha fedha wanaitana, kwa hiyo mwenye koo kubwa ndiye aliyesikika. Koo nilikuwa nalo mimi. Dereva wa Kizambia akitusalimu "mulishani", nilimjibu kwa mstari wenye vina papo hapo, na foleni nzima ikacheka. Mwenzangu alikuwa wa kuitikia neno la mwisho la mistari yangu. Mimi mbele, yeye nyuma.

Kisha nikaondoka. Nilikwenda Dar es Salaam bila ndugu wa kunipokea, nikauza viatu vya mtumba mchana na kusoma jioni, nikatoka na diploma ya uwakala wa forodha. Hakuna aliyenishika mkono. Nimerudi, nina ofisi yenye mlango wa kioo na jina langu juu yake, na wale walioniita mhuni wa foleni wananikabidhi nyaraka zao kwa mikono miwili. Najisifu, ndiyo. Nimeifanyia kazi haki ya kujisifu.

Yeye hakwenda popote. Mama yake aliugua, naye akarudi Itaka kuhudumia shamba la kahawa la nyumbani, nikaamini muziki wake umeishia hapo. Sitaficha kwamba niliamini hivyo kwa raha fulani.

Asubuhi moja nilikuwa najaza fomu za mteja, mteja mwenyewe akiwa kwenye kiti anasikiliza wimbo kwenye simu. Mtu alikuwa anachana, lakini chini, kama mwanamume anayezungumza na mkewe huku wakichambua maharage. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake na gitaa lisilo na haraka. Kila kitu kilikuwa mahali pake, safi, hakuna kilichomkanyaga mwenzake.

"Huyu wa Dar?" nikauliza.

"Wa Dar wapi, bosi? Si mtu wenu wa Itaka huyu!"

Niliandika jina la mpokeaji mzigo mahali pa mtumaji. Nilikuwa sijawahi kufanya kosa hilo, hata nilipokuwa mwanafunzi.

Jioni hiyo nikampigia. Nilitaka aniambie kuna mtu mkubwa amemfadhili, au kuna chuo alipita kimyakimya. Akaniambia ni kwaya ya kanisa lao.

"Mwalimu aliniweka safu ya nyuma, besi, mwaka mzima. Nikipaza, ananinyooshea kidole. Akaniambia nikijisikia kuliko ninavyomsikia wa pembeni yangu, nipunguze."

"Na hiyo ndiyo shule?"

"Ndiyo niliyoipata, kaka."

Alisema "kaka" bila kejeli yoyote. Angenikejeli ningelala vizuri zaidi.

Ndipo akaniambia anatengeneza albamu nzima, na wimbo wa tatu unahusu foleni ya malori. Alitaka ubeti wangu humo. "Bila wewe utakuwa uongo," akasema. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa safi. Niliwaza kwamba sasa watu watatusikia pamoja na kujua nani alikuwa nani. Nikaandika mistari kumi na sita kwa wiki nzima, kwenye karatasi za ofisi. Ilikuwa na vina vya ndani na vya mwisho. Ilikuwa na diploma, mlango wa kioo na gari.

Jumamosi nikaendesha hadi Itaka. Walikuwa wanarekodi kwenye ghala la kahawa, magunia yamepangwa kuzunguka kuta ili sauti isigonge na kurudi. Fundi mitambo alikuwa ameweka kompyuta yake juu ya mizani. Wanawake wanne wa kwaya walikaa kwenye benchi na chupa ya chai.

Nikasimama mbele ya maikrofoni, nikavuta hewa, nikaachia. Fundi akavua vipokea sauti masikioni.

"Bosi, rudi nyuma hatua moja."

Nikarudi. Akaniomba hatua nyingine, na nyingine. Mara ya nne nilikuwa kwenye kizingiti cha mlango, jua linanichoma mgongo, na bado sindano ya kupima sauti kwenye mtambo wake ilikuwa inagonga mwisho.

Mama mzee kuliko wote kwenye benchi akashusha kikombe. "Baba, unamtangazia nani? Sisi tuko hapa hapa."

Wenzake wakacheka hadi chai ikamwagika. Mimi pia nikacheka, shati limenilowa jasho. Nikajaribu kushusha sauti, ikatoka kama ya mgonjwa anayemweleza daktari. Rafiki yangu akanisogelea. "Usiichane. Nisimulie mimi."

Nikaitazama karatasi. Nimsimulie nini? Diploma alikuwa anaijua. Gari lilikuwa limeegeshwa nje, amelipita akiingia. Mistari kumi na sita, na hakukuwa na hata mmoja ambao ningeweza kumwambia mtu aliyekaa karibu nami. Nikaichana yote hivyo hivyo kutoka kizingitini, fundi akairekodi.

Akaingia yeye. Nilitegemea kuona kipaji, nikaona kazi. Sentensi moja aliirudia mara kumi na moja. Alimsimamisha mpiga gitaa, akamwomba aache pigo moja wazi. Akawaomba wale mama waitikie kwa midomo iliyofumba, kisha nusu wazi, kisha akachagua ya kwanza. Laiti ingekuwa bahati, ningeisamehe. Alisimulia matairi ya nyuma ya gereji, na alipofika kwenye neno lenyewe alisema "balabala", kama alivyokuja nalo mjini, na wanawake wakaitikia "balabala" polepole, na mwili wangu wote ukasisimka. Neno nililomkataza! Nikatazama viatu vyangu hadi wimbo ukaisha. Nilikuwa na wivu ambao sikuwahi kuwaonea hata watu walionizidi fedha.

Baada ya wiki tatu akaja ofisini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka flashi mezani. "Kuna mbili humo. Moja ina ubeti wako, moja haina. Chagua wewe. Utakayosema ndiyo itakayotoka."

"Wewe unapenda ipi?"

"Nimesema chagua wewe."

Nikaenda kusikiliza kwenye gari, vioo nimepandisha. Ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka nilipoingia. Fundi alijitahidi kunipunguza, lakini ilikuwa kama mtu ameingia kanisani na spika ya mnadani. Niliirudia mara tatu nikijitafutia utetezi. Ningeweza kabisa kusema hiyo itoke. Wimbo wake bora ungeharibika, na angenyamaza, kwa sababu ameahidi. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko inavyonipendeza kuandika hapa.

Nikaweka ya pili. Mahali pa ubeti wangu wale mama walikuwa wanaimba kwa midomo iliyofumba. Ila kabla hawajaanza kulisikika mtu anavuta hewa, ndefu, kama anayetaka kusema jambo. Nilikuwa mimi. Fundi aliiacha, na ilikaa vizuri mno.

Nikarudi ofisini. "Ya pili," nikamwambia. "Lakini jina langu liandikwe."

Akakunja uso. "Liandikwe unafanya nini, kaka? Huimbi, huchani."

"Andika nimepumua."

Alicheka hadi akaegemea mlango wangu wa kioo. Lakini aliandika. Limo kwenye orodha ya walioshiriki, chini ya wale mama wanne, na wateja nawaonyesha. Wimbo wenyewe nausikiliza hadi pale ninapovuta hewa, halafu nazima. Ubeti wake unaofuata siuwezi bado.