Mahali pa Miwani

Jina lake kamili, jinsi mtaa mzima unavyolitaja, ni Mama Sponji, binti wa mshona magodoro, mjukuu wa mwanamke aliyejaza sufi mito ya hospitali nzima, mjane wa mpima ardhi. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimshika mkono siku ya kwanza ya darasa la kwanza, kwa hiyo habari zake sisimuliwi na mtu.

Kazi yake ni kukata sponji za ndani ya masanduku magumu, yale ya plastiki nene yenye vifungo, wanamowekea vyombo visivyotaka kutikiswa: kamera, tarumbeta, mashine za kupimia. Kila chombo hukichongea mahali pake. Hukilaza juu ya karatasi, akakizungushia penseli, kisha akakata ndani kidogo ya mstari ili sponji ikikumbatie. Pembeni huacha nafasi ya vidole, maana chombo kikizama bila pa kukishikia, kukitoa ni ugomvi. Kisu chake ni chembamba na kirefu, na mkono wa kushoto hauruhusiwi kuibana sponji. Ukiibana, ukija kuiachia utakuta ukuta umepinda.

Mumewe alipofariki, hakulia. Watu wakasema ana moyo mgumu. Midomo ni yao, waache waseme. Mimi nililala naye chumba kimoja msiba wote. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unaubonyeza, haukujibu. Ukimwambia chai imepoa, anasema sawa. Ukimwambia inaunguza, sawa vilevile, na anainywa. Wageni walipoondoka alirudi kwenye chumba chake cha kazi, akakaa mbele ya meza.

Binti yake, mtu mzima aliyekuja msibani na asirudi tena alikotoka, alimfuata mlangoni.

"Mama, pumzika. Mwenye saluni anataka kukipanga hiki chumba."

"Sawa."

"Sawa nimwambie aje, au sawa umenisikia?"

"Sawa."

Binti akanigeukia. "Mama mkubwa, hii ni sawa ya wapi?"

"Mwache kwanza," nikamwambia. Sikuona mdogo wangu angeamkia nini asubuhi chumba kile kikiondoka.

"Haya. Akimaliza kazi moja ikatoka safi, nanyamaza. Akiiharibu, namkabidhi mwenye saluni ufunguo."

Mama yake alikuwa palepale, anasikia. Hakugeuza hata shingo.

Kazi yenyewe ililetwa na mpima ardhi aliyefanya kazi na marehemu, mtu wa mizaha, tumbo mbele, sanduku mkononi. Alilifungua juu ya meza bila mzaha wowote. Ndani mlikuwa na kipimo cha marehemu, kile chenye darubini kinachosimamishwa juu ya miguu mitatu.

"Shemeji, sponji imeoza. Inaking'ang'ania kipimo kama unga uliolowa. Amepatikana mpimaji mpya, na kesho anaondoka nacho kwenda kazini. Nimekuletea wewe kwa sababu kitanda hiki ulikitandika wewe."

"Sawa," akasema.

Sponji ile aliikata wangali wachumba. Kando ya kipimo kulikuwa na kishimo kidogo, mviringo huku na huku, kiuno katikati. Pa miwani. Marehemu alikuwa na tabia ya kukalia miwani yake, na siku alipoikalia kwa mara nyingine mdogo wangu alimwambia, nami nilikuwepo, "Mashine ya ofisi ina kitanda, macho yako yanalala barazani." Ndipo akaichongea.

Mdogo wangu alikibandua kipimo, akakisafisha kwa brashi, akakichora, akakata sponji mpya. Nilikaa naye. Kisu kilikwenda taratibu, kuta zimesimama wima, nikajisemea huyu amerudi. Akapaka gundi kwenye sponji ya chini, akabandika, akakilaza kipimo. Kikaingia kwa pumzi moja.

Binti akaja kutazama. Akainama, akakaa hivyohivyo ameinama.

"Mama, hiki kishimo ni cha nani?"

Mdogo wangu akatazama. Naapa alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza: kishimo kilekile cha miwani, kwenye sponji mpya. Kwenye karatasi hakukichora. Karatasi ilikuwa pale, ina kipimo peke yake.

"Mkono umekata wenyewe," akasema.

Mpima ardhi alifika kuchukua sanduku. Aliona, akatia kidole kwenye kile kishimo, akakizungusha.

"Huyu mpya havai miwani," akasema polepole. "Lakini si kitu, shemeji. Atatia betri."

"Betri ina pembe. Itaruka njiani ikigonge kipimo."

"Basi atatia karanga. Shemeji, niachie nibebe."

"Hakiondoki hivyo."

Binti akavuta pumzi. Hakuwa na ukali tena. "Mama, ndiyo maana nasema. Si aibu. Umechoka tu."

"Sijachoka. Sisikii kitu." Aliinua mkono wa kulia, akaugeuzageuza mbele yetu kama bidhaa yenye kasoro. "Huu unajua njia ya zamani. Nikiupa kisu, utakwenda hukohuko."

Nilitaka kumshika, nikaona hapana, si mtu wa kushikwa saa ile. Binti tayari alikuwa ameutoa ufunguo mfukoni.

Mdogo wangu akasimama. Akateremsha sponji nyingine kutoka juu ya kabati, akaitandaza mezani, akaweka ile karatasi ya kipimo juu yake. Kisha akaushika mkono wa binti yake, akauondoa ufunguo humo, akamshikisha kisu.

"Mwenye saluni atafute pengine. Kaa."

"Mama, mimi sijawahi..."

"Ndiyo vizuri. Huna unachokikumbuka." Akamvutia kiti, akamwelekeza mpima ardhi kwenye benchi. "Shemeji, subiri hapo. Haya, anzia kwenye ile kona. Mstari uonekane nje ya kisu. Na huo mkono wa kushoto, mwanangu, usibane."